Mombasa hadi Kegonga: masafa ya angani, ya barabarani, na saa ambazo simu haikuambii

Kegonga ni mji mdogo wa Kuria Mashariki, kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Kwa sisi watu wa Pwani, jina hilo aghalabu huingia nyumbani kwa njia moja: barua ya kazi. Mwalimu, askari au muuguzi huambiwa akaripoti huko, na jioni hiyo hiyo familia nzima huinamia simu kutafuta Mombasa na Kegonga ni mbali kiasi gani. Simu hujibu upesi: kilomita mia sita na kitu, ndege saa moja na robo. Mama hushusha pumzi, akasema kumbe si mbali hivyo.

Hizo kilomita ni za kweli. Hiyo saa moja na robo si ya mtu yeyote, kwa sababu hakuna ndege ya abiria itokayo Mombasa ikatua Kegonga. Nimeulizwa swali hili na wasomaji mara nyingi, na mara nyingine limeulizwa katika wakati mgumu ambapo kukosea saa chache kuna gharama kubwa. Basi leo nimeona nikusanye mahali pamoja kila ninachokijua kuhusu masafa hayo, ili mwenye haja apate pa kurejea.

Mji wenyewe uko wapi

Anza na ramani ya Kenya. Mombasa iko kusini mashariki, kwenye maji ya chumvi. Kegonga iko kusini magharibi, upande wa Ziwa Viktoria, ingawa si mji wa ziwani. Majirani zake ni Kehancha na Ntimaru. Ukienda magharibi utafika Isebania, mji wa mpakani, na ng'ambo ya pili ni Sirari ya Tanzania. Ukienda mashariki unaingia kaunti ya Narok, nchi ya Wamaasai wa Transmara. Kaskazini, baada ya Migori yenyewe, iko kaunti ya Homa Bay.

Wenyeji ni Wakuria, watu ambao mpaka uliwakata katikati: wengine wako Kenya, wengine wako Tarime na maeneo jirani ya Tanzania. Hulima mahindi na tumbaku, na hufuga ng'ombe. Ni nchi ya juu, kwa hivyo kijana wa Likoni au Kisauni akienda huko asisahau sweta. Kiswahili kinasikika, maana Tanzania iko mlangoni.

Kupima kwa mstari ulionyooka

Masafa yanayotolewa na simu ni ya mstari ulionyooka juu ya mgongo wa dunia, kama kunguru arukavyo bila kugeuka. Hesabu yake si siri, na kwa kuwa Kenya iko kwenye Ikweta, unaweza kuifanya mwenyewe kwa karatasi na kalamu.

Mabaharia wetu waliijua zamani. Digrii moja ya dunia ina dakika 60, na dakika moja ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Kwa hivyo digrii moja ni maili 60 za baharini, sawa na kilomita 111 hivi. Karibu na Ikweta, digrii za kaskazini na kusini na zile za mashariki na magharibi zinakaribiana sana kwa urefu, kwa hivyo hesabu ni nyepesi.

Uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, uko digrii 4.0 kusini na digrii 39.6 mashariki. Kegonga, kwa kukadiria, iko digrii 1.25 kusini na digrii 34.7 mashariki. Tofauti ya kwanza ni 2.75, ya pili ni 4.9. Zidisha kila moja kwa 111: unapata kilomita 305 za kwenda kaskazini na kilomita 544 za kwenda magharibi. Sasa tumia ile kanuni ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni: 305 mara 305, jumlisha 544 mara 544, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni kilomita 620 na kitu, au maili 335 hivi za baharini.

Ili ujue ukubwa wake, linganisha na safari tunazozijua. Mombasa hadi Lamu kwa mstari huo ni kama kilomita 245. Mombasa hadi Unguja ni karibu hivyo hivyo. Mombasa hadi Dar es Salaam ni kilomita 310 hivi. Kwa hivyo Kegonga, iliyo ndani ya nchi yetu, iko mara mbili ya umbali wa Dar es Salaam, iliyo nchi nyingine. Mtu wa Lamu naye ana kama kilomita 700 hadi Kegonga, na wa Malindi kama 640.

Mstari wenyewe unapita wapi? Hili linapendeza. Ukitoka Mombasa unaelekea Voi na vilima vya Taita, unakata Tsavo Magharibi, unapita Amboseli huku Kilimanjaro ikiwa mkono wa kushoto, unavuka bonde la ufa kati ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron, kisha unapita juu ya Maasai Mara hadi Kuria. Karibu nusu ya kwanza na nusu ya pili ya safari, mstari huo unakwenda sambamba na mpaka wa Tanzania, kama watu wawili wanaotembea njia moja bila kushikana mikono.

Saa za ndege: hesabu ya ndege isiyokuwapo

Kurasa za intaneti zinazotoa muda wa ndege huchukua kilomita hizo 620 zikagawanya kwa mwendo wa ndege kubwa, kati ya kilomita 800 na 900 kwa saa. Zinapata dakika 45 hivi. Nyingine huongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kutua, ndipo ikaja ile saa moja na robo. Hazichunguzi kama mji una uwanja, kama uwanja una lami, wala kama kuna shirika linalouza tiketi. Ni hesabu ya namba mbili tu.

Ndege kubwa ya namna hiyo haiwezi kutua Kuria. Ndege iwezayo kutua kwenye viwanja vidogo vya bara ni kama Cessna Caravan, yenye injini moja na viti kumi na kitu, na mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 620 ni saa mbili na zaidi kidogo, na hapo ni kwa kukodi, tena rubani apewe ruhusa ya njia iliyonyooka. Njia hiyo ina Kilimanjaro pembeni, yenye urefu wa mita 5,895, na ina mpaka wa nchi nyingine ubavuni. Rubani huenda akazunguka, na kila kuzunguka ni dakika.

Viwanja vya karibu

Uwanja ulio karibu na Kegonga ni Lichota, ulioko Migori. Kwa mstari hauzidi kilomita 45, ila barabara haifuati mstari. Ni uwanja mdogo. Watalii wameutumia kwa miaka mingi: hutoka Maasai Mara kwa ndege ndogo, hutua Migori, huvuka mpaka kwa gari pale Isebania, kisha hupanda ndege nyingine Tarime kwenda Serengeti. Mtu wa Mombasa anayetaka njia hiyo aulize kwanza uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa sababu ndege ndogo nyingi hutokea huko. Na akumbuke kuwa ndege nyingi za Mombasa hutua uwanja wa Jomo Kenyatta, si Wilson, na baina ya viwanja hivyo viwili kuna barabara za Nairobi na foleni zake.

Homa Bay ina uwanja wa Kabunde, na Kisii una wa Suneka. Hivyo pia ni vidogo, na safari zake hubadilika. Usimwambie mtu "kuna ndege ya Homa Bay" kwa kuwa uliisikia mwaka jana. Kuuliza si ujinga.

Uwanja mkubwa wa kutegemewa ni wa Kisumu. Una ndege za Nairobi kila siku, na kumewahi kuwapo safari za moja kwa moja kati ya Mombasa na Kisumu. Mombasa hadi Kisumu kwa mstari ni kama kilomita 700. Ndege ya moja kwa moja huchukua saa moja na nusu hivi. Ukipitia Nairobi, hesabu kipande cha kwanza cha kilomita 420 na cha pili cha kilomita 280. Kila kimoja ni chini ya saa moja angani, lakini ongeza saa mbili au tatu za kungoja katikati.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Kisumu na Kegonga ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Kwa hivyo ndege ya Kisumu imekufikisha magharibi ya kutosha, lakini imekupitisha kaskazini kwa kilomita 130 hivi. Inabidi urudi kusini kwa gari: Ahero, Kisii, Rongo, Migori, Isebania, Kehancha, ndipo Kegonga. Barabara hiyo ni zaidi ya kilomita 200, na kwa matatu za kubadilisha ni saa tano au sita.

Kwa barabara toka mlangoni

Wengi wetu hatupandi ndege. Tunaanza Mwembe Tayari kwa basi au Miritini kwa treni. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Basi huchukua saa nane hadi kumi. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, huchukua saa tano hadi sita, ila inakushusha Syokimau, nje ya jiji, na safari ya kuingia mjini ni juu yako.

Kutoka Nairobi, mabasi ya Migori hupita Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik na Kisii. Hiyo ni kama kilomita 370, saa saba hadi tisa. Migori hadi Isebania ni kilomita ishirini na kitu. Kisha unashika upande wa mashariki kwenda Kehancha na kuendelea hadi Kegonga, kwa matatu au Probox, na kipande cha mwisho mara nyingine ni bodaboda.

Jumlisha yote: karibu kilomita 900, dhidi ya zile 620 za kunguru. Saa za ndani ya gari ni kama 18 hadi 21. Ukiongeza kungoja stendi, kula na kuswali, ni mchana mmoja na usiku mmoja, na wakati wa mvua ni zaidi. Ukifika Migori jua limezama, nakushauri ulale hapo, uendelee asubuhi. Gari za vijijini hupungua usiku.

Saa za swala na za futari

Kenya nzima hutumia saa moja, lakini jua halijui hilo. Dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne. Kegonga iko digrii 4.9 magharibi ya Mombasa, kwa hivyo adhuhuri yake huchelewa kwa dakika 20 hivi mwaka mzima. Magharibi huchelewa kwa dakika 15 hadi 25 kulingana na mwezi: tofauti ni kubwa zaidi karibu na Juni na ndogo zaidi karibu na Disemba, kwa kuwa Mombasa iko kusini zaidi. Kwa mtu wa Lamu, adhuhuri ya Kegonga iko nyuma yake kwa dakika 25.

Hili si la mapambo. Kila Ramadhani kuna vijana wetu walioko bara wanaofuturu kwa adhana ya redio ya Mombasa au kwa ratiba ya msikiti wa nyumbani waliyotumiwa kwa simu. Mtu wa Kegonga akifanya hivyo, anakula jua likiwa bado liko juu. Basi ndugu yako akiajiriwa huko, usimtumie ratiba ya Mombasa. Mwambie aweke kwenye simu mahali alipo, au aulize misikiti ya Migori na Isebania.

Kuhusu kupunguza swala njiani, masafa ya kasri kwa hesabu inayotumiwa na wengi wa mashekhe wetu ni marhala mbili, kilomita themanini na kitu. Safari hii inavuka kiwango hicho mapema mno. Ama anayekwenda kukaa kazini miaka, hukumu yake akiwa amekwisha kufika ni nyingine, na hilo amuulize shekhe wake.

Kukiwa na ugonjwa au msiba

Sasa nifike kwenye sababu iliyonifanya nisiandike haya kwa mzaha. Kijana wa mtaa mmoja hapa kwetu alifariki akiwa kazini upande wa Kuria. Habari ilifika asubuhi. Mtu mmoja kikaoni akafungua simu, akasoma saa moja na robo, na wazee wakatangaza mazishi baada ya Alasiri siku hiyo hiyo. Kaburi likachimbwa. Watu wakaja kutoka Kwale na Malindi. Alasiri ikapita, Magharibi ikapita, na maiti ilikuwa bado haijatoka Migori. Ilifika usiku wa siku ya pili, kwa gari. Mama yake alikaa siku mbili akiambiwa "yuko njiani, yuko njiani."

Hakuna aliyemdanganya mama yule kwa kusudi. Namba moja ya simu ilichukuliwa kuwa ahadi. Kwa hivyo, familia yenye mtu huko ijue mambo haya kabla ya kuhitajika.

Kwanza, mgonjwa mahututi hasubiri kusafirishwa Mombasa. Hupelekwa hospitali ya karibu, kisha Migori, Kisii au Kisumu kwa kadiri daktari anavyoona. Kuna huduma za ndege za wagonjwa zinazotoka Wilson, kama AMREF Flying Doctors, ambao wamo katika kazi hiyo tangu 1957. Lakini ndege hiyo pia inahitaji mahali pa kutua, na inahitaji malipo au bima. Uliza mapema kama bima ya kazi yake inaigharimia.

Pili, maiti husafiri kwa karatasi. Pasipo kibali cha mazishi na hati za hospitali, gari husimamishwa na shirika la ndege halipokei. Ndege za abiria hubeba jeneza kama mzigo, na kila shirika lina masharti yake ya namna ya kulifunga na kuitayarisha maiti. Kukusanya karatasi hizo peke yake kwaweza kula nusu siku.

Tatu, hata kila kitu kikienda sawa, njia ya Kisumu haipungui saa kumi mlango hadi mlango: saa tano au sita za barabara, saa mbili za uwanjani, saa moja na nusu ya angani, na ya kushuka hadi nyumbani. Ya barabara tupu ni karibu siku nzima bila kulala. Msitangaze saa ya mazishi mpaka gari au ndege iwe imekwisha kuondoka.

Nne, na hili ni la kuzungumzwa na wakubwa wa familia mtu akiwa hai na mzima: je, akifa huko azikwe huko? Dini yetu inahimiza kuharakisha mazishi, na Migori wako Waislamu wa kumuosha, kumkafini na kumswalia. Wako wanaosema lazima arudi alale na wazee wake. Sina haki ya kumwamulia mtu. Nasema tu kwamba uamuzi huo ufanywe kwa kujua ni siku ngapi, badala ya kufanywa kwa saa moja na robo.

Kwa ufupi

Mombasa hadi Kegonga kwa mstari: kilomita 620 hivi, maili 335 za baharini.
Kwa barabara kupitia Nairobi, Narok na Kisii: karibu kilomita 900, mchana na usiku mmoja.
Kwa ndege ya abiria ya moja kwa moja: hakuna.
Kwa ndege ndogo ya kukodi hadi Migori: saa mbili na zaidi angani, kisha gari.
Kwa ndege hadi Kisumu, kisha barabara: saa kumi au zaidi, mlango hadi mlango.
Nairobi hadi Kegonga kwa mstari: kilomita 235 hivi.
Jua la adhuhuri: Kegonga huchelewa dakika 20 nyuma ya Mombasa.

Kata orodha hiyo uibandike jikoni ikiwa una mtoto huko. Na huyo mtoto akipiga simu ijumaa kusema anakuja nyumbani wikendi, usimlaumu akifika jumamosi usiku na kuondoka jumapili alfajiri. Amesafiri mara mbili ya masafa ya Dar es Salaam ili ale wali wa nazi mara moja.